Muulize Nyanya wa Makina

Shule zimefungwa, na barua nilizoletewa mwezi huu zina kilio kimoja: watoto wanataka kuonyeshwa jiji. Wengi wa waandishi wanaishi humo humo jijini, ila hilo halikuwapunguzia shida. Nimejibu zile zilizosomeka.

*Nyanya, hujambo? Kaka yangu wa Kakamega ananiletea wanawe wanne watembee Nairobi wiki mbili. Tatizo ni kwamba kule nyumbani, kwenye matanga ya mzee, niliwaambia watu naishi Lavington. Kumbe naishi Gatina, chumba kimoja, choo cha ploti. Nifanyeje? — Baba Mdogo, Kawangware*

Mjukuu wangu, uongo wako ni wa mita chache tu. Gatina na Lavington zimepakana hivi kwamba harufu ya omena wako huingia kule bila kupiga hodi, na matatu za 46 hupitia kwa matajiri kabla ya kukushusha kwenu. Nusu ya Kawangware, ikiulizwa na wakwe, hukaa "hapo karibu na Lavington". Sijasikia mkwe aliyekuja na ramani.

Kosa ni kualika watoto. Mtu mzima ataliona pazia linalogawa chumba, atakunywa chai, atanyamaza mpaka apande basi la kurudi. Mtoto atasimama mlangoni, mbele ya landilodi, aulize kwa sauti: "Baba mdogo, Lavington ndiyo hii?" Usilingoje swali hilo. Siku ya kwanza wapandishe 46, wape viti vya dirishani, na mkifika kule waambie, "Hapa ndipo Baba mdogo hupita kila siku." Ni kweli tupu. Wataona ukuta, geti, ukuta, geti, na mtu mmoja anayetembeza mbwa asiye wake. Mkishuka Kawangware, penye mahindi ya kuchoma, mutura, na spika za makanisa mawili zinazoshindana, wataanza kukuhurumia kwamba unapitishwa kule kila asubuhi. Choo cha ploti watakiulizia usiku wa manane. Hapo utajijibia mwenyewe.

*Nyanya, nina shilingi elfu moja na watoto wanne: wa miaka 10, 8, 6 na 3. Baba yao aliwaahidi kuwatembeza tauni, kisha akaenda Mombasa kutafuta kazi. Elfu itatosha? — Mama Wanne, Laini Saba*

Itatosha, mama, usiposahau choo.

Tuanze na nauli. Mtoto wa kupakatwa halipi. Sheria hiyo sijaiona imeandikwa popote na kila konda anaijua. Wa miaka 3 ni haki yako. Wa 6 mkunje. Wa 10 mlipie, usituaibishe, magoti yake yatamfika dereva shingoni. Vita ni juu ya wa miaka 8. Utamkalisha pajani, atajikunyata vizuri, halafu konda atamuuliza kwa upole yuko darasa gani, naye kwa fahari zote atajibu "Gredi ya tatu!" Mtie ndizi mdomoni kabla konda hajafika safu yenu.

Sasa choo. Vya tauni ni vya kulipia, shilingi kumi hapa, ishirini pale, na watoto wanne hawabanwi kwa pamoja hata siku moja. Wa kwanza atakwenda, wengine wataapa hawana haja, na mkishavuka barabara mbili wa 3 atasimama miguu imebanana. Tenga pesa za choo pembeni, kwenye fundo la leso, usiziguse hata soda ikikuita. Chakula toka nacho nyumbani, chapati na mayai ya kuchemsha. Njia za maduka ya chipsi ziepuke kabisa, pitia upande wa benki. Benki hazinukii kitu.

Kuhusu cha kuona, anza na kilicho mlangoni kwako. Reli hiyo mnayoanikia nguo kandokando yake ndiyo iliyozaa jiji: ilifika hapa mwaka 1899 pakiwa kinamasi, ikafika Kisumu 1901. Ifuateni kwa miguu asubuhi, kama wafanyavyo jirani zako wanaokwenda vibarua Industrial Area, mkono wa mtoto ukiwa ndani ya wako. Pale nyuma ya stesheni kuna Makumbusho ya Reli. Kuna kiingilio, na kama utalipia mahali pamoja tu basi lipia hapo, kwa sababu ya behewa moja la mbao. Mwaka 1900, pale Kima, afisa wa polisi aitwaye Charles Ryall alilala ndani yake akimvizia simba mla watu. Alipitiwa na usingizi. Simba akaingia, akamtoa kupitia dirishani. Waonyeshe dirisha hilo, halafu unyamaze. Wa miaka 8 atapima upana wake kwa mikono, na kwa wiki nzima hakuna atakayekusumbua kulala mapema.

Vingine ni vya bure. Sanamu ya Tom Mboya iko Moi Avenue, karibu na mahali alipopigwa risasi Julai 1969. Simba wa mawe wanalinda maktaba ya McMillan tangu 1931, na hawa hawali mtu. KICC itazameni kutoka chini: ghorofa 28, mita 105, lilikamilika 1973, kazi ya Mnorwe Karl Henrik Nøstvik na Mkenya mwenzetu David Mutiso. Mpiga picha atawafuata. Mwambie baba wa watoto yuko njiani na pesa. Ila jiandae. Jioni ukiwauliza walipenda nini, wawili watasema ngazi za umeme za supamaketi, na mmoja atasema ndizi.

*Nyanya, kila Jumamosi wageni wazungu hupita Gatwekera na watoto wao wakituangalia. Juzi mmoja alinipiga picha nikifua. Nimtoze ngapi? — Mama Povu, Kibera*

Mchezo huu ni wa zamani, binti yangu. Karne ya 19 matajiri wa London walikuwa wakienda East End kutazama maskini, na leo ziara kama hizo ziko Rocinha kule Rio na Dharavi kule Mumbai. Kwetu wageni walizidi baada ya ile filamu ya 2005, The Constant Gardener, kupigwa hapa hapa. Mimi simkatai mgeni. Anayeninyima usingizi ni yule anayeinua simu kabla ya kusalimia. Bei usitaje, maana ukishataja umekuwa sehemu ya maonyesho. Mpe mtoto wake beseni na soksi tatu. Yeye atafurahi kuliko siku zote za safari yake, na mama yake atakosa la kupiga picha isipokuwa mwanawe.

Na wewe nenda ukatalii. Jumamosi ijayo vaa vizuri, chukua watoto, panda matatu ya Karen. Simameni mbele ya geti kubwa, mkitazama kwa heshima. Usihofu kuhusu mwongozaji. Bawabu atakayetoka kuwafukuza ni jirani yako wa Soweto au wa Lindi, hapa hapa Kibera, na akikutambua atakueleza yote: wanaishi wangapi humo ndani, mbwa anakula nini, mshahara umechelewa siku ngapi. Kampuni za utalii hazina habari hizo.

*Nyanya, nimempeleka kijana wangu kwenye makao ya wanyama yatima, Lang'ata Road. Simba amelala tangu tuingie hadi tutoke. Kijana amelia. Nataka kurudishiwa pesa. — Baba Boi, Olympic*

Simba hulala hata saa 20 kwa siku. Umeonyeshwa simba halisi. Wanaokimbia wako kwenye televisheni, na wale wako kazini. Pesa usidai, kwanza nashuku hazikuwa zako. Lipa deni la Fuliza, kisha mpeleke kijana kando ya uwanja wa Wilson, hapo hapo jirani, azitazame ndege zikipaa mpaka achoke. Wazungu wa Mama Povu wako mle ndani. Awapungie mkono.