Kaza, Lakini Usijikaze

Wapo wanaoamini kwamba mtaalamu wa fiziotherapia ndiye mtu pekee wa hospitali anayeweza kutoka Ulaya, akatua Shinyanga bila neno hata moja la wenyeji, na kazi ikaenda. Goti ni goti, husema. La Mwadui linakunjika kama la Oslo, na mikono ya fizio inajua yenyewe pa kubonyeza. Mimi naona ni kinyume kabisa. Mgonjwa wa daktari wa upasuaji amelala fofofo, hana haja ya kuongeleshwa. Mtu wa maabara anazungumza na darubini yake. Hata madaktari wa China, walioanza kuja Zanzibar mwaka 1964 na Bara mwaka 1968, walipokuwa na zile sindano zao za tiba, kazi ya mgonjwa ilikuwa kulala na kuvumilia. Kwa fizio, anayefanya kazi ni mgonjwa mwenyewe, tena nyingi ataifanya nyumbani, hakuna wa kumsimamia. Dawa yote ni maelekezo, na maelekezo yote ni vitenzi. Ukikosea kitenzi, umekosea dawa.

Chukua “kaza”. Mgeni amelikariri neno hilo vizuri, anataka msuli wa paja ukazwe kwa sekunde tano kisha uachiwe. Mbele yake yupo mchimbaji wa Nyarugusu aliyetumia miaka kupandisha viroba vya mawe kutoka kwenye duara, yaani shimo la machimbo, na tangu utotoni neno hilo amelisikia katika sura moja tu: jikaze, usilie. Basi anajikaza. Taya linakazwa, shingo inakazwa, ngumi zinakunjwa, jasho linatoka. Paja peke yake ndilo limelala. Mgeni anaona bidii, anaona hatari, anamwambia “pole,” akidhani amesema apunguze kasi. Nusu nyingine ya neno imebaki kwenye kamusi. Mchimbaji anajibu “asante” na kuanza kuwaza: daktari gani anayempa mtu pole mara sita kwa dakika moja, kama si kwamba huo mguu umeshakwisha? Kisha anaulizwa, “Hakuna maumivu?” Anajibu “ndiyo,” yaani ndiyo, hakuna. Kwenye faili inaandikwa kwamba yapo. Akiambiwa ayapime maumivu kwa kumi, anakumbuka kwamba shuleni kumi kwa kumi ni sifa, na kumnyima mgeni alama si uungwana. Akiulizwa “Unakaaje?” ili ajulikane anavyoketi, anaeleza kwamba anakaa vizuri tu, kwa mjomba wake, Ibinzamata. Ya saa mbili ya mgeni na saa mbili ya kwetu nayaruka. Saa sita za kungoja kwenye benchi zinajieleza.

Nitaambiwa zoezi halielezwi, linaonyeshwa. Sawa, lionyeshwe. Mgeni anachuchumaa ili aigwe, na visigino vyake vinanyanyuka sakafuni kabla hajafika hata nusu. Anayemtazama amechuchumaa chooni, jikoni na machimboni maisha yake yote, nyayo zote mbili zikiwa chini. Kwa jicho lolote la haki, mgonjwa pale ni yule aliyevaa koti jeupe, na adabu inamtaka mwenzake amshike mkono amwinue. Lakini hata mgeni angekuwa na visigino vitiifu, ishara inaagiza tu, haiulizi. Huwezi kuuliza kwa vidole kama goti linauma zaidi mtu akishuka duarani akikanyaga matimba, ile miti inayoshikilia kuta, au akipanda. Hilo ndilo swali linaloonyesha pa kuanzia.

Basi atafutwe mkalimani. Mara nyingi anayepatikana ni ndugu aliyemsindikiza mgonjwa, na kama bahati ni mbaya, ndugu huyo ni mkwe. Bibi anaumwa nyonga. Mwenye kutafsiri ni mume wa binti yake. Mkwe na mkwe hawazungumzii nyonga. Atakachofikisha ni kwamba “mama anaumwa huku chini,” huku akitazama dirishani, na kutoka hapo hadi kwenye mchipuo wa mfupa wa paja ni safari ndefu.

Wengine watasema haya yote yanaisha mgeni akijifunza Kiswahili vizuri. Katoro na Kahama, nakubali. Dhahabu imekusanya Waha, Wahaya, Wakurya na kila aina ya watu, na Kiswahili ndicho kinachowauzia chai na karasha, mashine za kusagia mawe. Ila bibi anayetoka shambani kwenye mpunga ana Kisukuma chake, na Kisukuma hakimhurumii aliyefika juzi. Ukiuliza nani anafuata, bibi anasema “nene”, yaani mimi. Mwenye Kiswahili cha kozi anadhani mama wa watu anaulalamikia uzito wake. “Bebe” ni wewe. Fizio ametoka kumkataza mtu kubeba ndoo, halafu anamsikia akisema “bebe”, anaona anabishiwa. Wala mtego huu haumngojei Mzungu tu. Kijana wa Kichaga aliyesomea fani hii KCMC, Moshi, akipangiwa kazi Shinyanga, hana pasipoti wala viza, lakini mbele ya bibi huyo yuko ughaibuni kama yule wa Oslo. Tena afadhali wa Oslo, anasamehewa.

Ugumu wenyewe umejificha kwenye salamu, pale ambapo hata tafsiri sahihi haisaidii. Tuseme kila neno limefika salama: mama ameelewa kwamba kwa wiki sita asipige goti, na mkalimani, safari hii shoga yake, amelirudia mara mbili. Lakini kwa Wasukuma, mwanamke mwenye adabu humwamkia mtu wa heshima akiwa amepiga goti, na sasa mtu wa heshima ni huyu aliyempunguzia maumivu. Wiki inayofuata mama anaingia mlangoni, anaweka fimbo kando, anashuka taratibu hadi goti bovu linagusa saruji, anasema “mwangaluka”. Mgeni anafurahi, anaandika kwamba goti linakunjika vizuri. Kisha anamkumbusha tena asipige goti, na mama anashuka mara ya pili kushukuru: “wabeja”.