Kikao cha Mboga

Ukitaka kujua nani mwenye sauti nyumbani, tenga kipande cha ardhi cha hatua sita kwa nne, halafu uliza kipandwe nini.

Chetu kiko Kigamboni, nyuma ya jiko, mchanga mtupu. Ukimwaga ndoo ya maji, kabla hujaitua ndoo yenyewe, maji yameshafika kwa mababu. Tulimwaga samadi viroba kwa viroba hadi wageni wakawa wanakataa kukaa uani, kisha tukaitisha kikao.

Baba watoto alifungua kwa kikokotoo cha simu. Mwanamume wa Dar es Salaam ukimwonyesha mche wa nyanya haoni mche, anaona matenga. Akazidisha miche kwa kilo, kilo kwa bei ya Ramadhani, na chai ilipopoa alikuwa ameshanunua pikapu na anatafuta dereva. Nikamkumbusha: hatua sita kwa nne. Akasema tutabananisha kidogo. Kantangaze, yule mdudu aliyeingia nchini mwaka 2014 akawaliza wakulima wa nyanya, hakutajwa popote kwenye hesabu. Naye hahitaji mwaliko: anaanza kuchimba majani, akishiba anahamia ndani ya tunda.

Mama mkwe, aliyekuja kutoka Lushoto kutusalimia na bado anatusalimia, alitaka kabichi. "Mwanangu, bustani bila kabichi ni uwanja tu." Sasa, kule kwao Usambara kuna ubaridi, na kabichi hufunga kwa ubaridi. Huku kwetu usiku hata binadamu anafungua vifungo, sembuse kabichi. Lakini mkwe haambiwi hivyo. Nikaitika "Ndiyo, mama," akapewa tuta zima. Kabichi zikaota vizuri, zikatanua majani, zikabaki hivyo hivyo, wazi, miezi ikapita. Alizikagua kila asubuhi na mwisho akatoa hukumu: tatizo ni maji ya pwani.

Mtoto wetu mdogo wa darasa la pili alidai karoti, maana aliziona kwenye katuni. Karoti haipendi kuhamishwa. Mbegu unaisia pale pale itakapokulia, nayo inaweza kukaa hata wiki mbili bila kuonyesha dalili ya uhai. Mtoto hana wiki mbili. Kila akitoka shule alifukua kuangalia zimefikia wapi, akazifukia, akaenda kuoga. Binti wa kidato cha tatu yeye alisema letasi, "kwa ajili ya saladi," katika nyumba ambayo saladi pekee inayojulikana ni kachumbari. Joto likaifanya chungu kabla haijafika mezani. Kuku wa jirani, ambao hawakualikwa kikaoni, waliiona inafaa sana.

Dada wa kazi alikuwa pembeni anakuna nazi. Akasema, bila kuinua kichwa, "Mimi ningepanda mchicha na matembele." Kikao kikamtazama kwa huruma. Mchicha? Wa kununua fungu hapo nje?

Hapa nina neno na wanaoanza bustani. Tunachagua mboga kama tunavyochagua sare ya harusi, ili tuonekane. Mchicha hauna sifa kwa sababu hausumbui: changanya mbegu na mchanga zisimwagike rundo moja, tawanya, funika na nyasi kavu, mwagilia asubuhi na jioni. Wiki tatu hadi nne unachuma. Matembele hayataki hata mbegu. Unachomeka kipando ardhini, unaendelea na mambo yako. Na hivyo vyote viwili ndivyo vinavyoliwa na ugali siku zote, wakati kabichi tunaipika mgeni akija.

Dada hakubishana. Alipomaliza kuchambua matembele ya jioni, akachukua vishina alivyokuwa avitupe, akavichomeka pale maji ya vyombo yanapomwagwa. Tulipokuja kushtuka, matembele yalikuwa yamevuka njia, yamepanda tuta la karoti na kuzifunika kabichi za mama mkwe zote, jambo lililomwepushia aibu nyingi. Nyanya nazo zilishapata wenyewe. Mchicha akausia kwenye viroba vya samadi vilivyobaki, hakuomba hata tuta.

Mama anayepitisha mboga na beseni kichwani aliyaona matembele kupitia uzio. Akaomba vipando, "vichache tu, dada, nijaribu." Nikamwambia akate mwenyewe. Akaondoka na beseni limefurika, nami nikajisikia mkarimu jioni nzima.

Siku hizi anapita nayo. Sisi tukichuma yetu hadi yakabaki mashina matupu, tunanunua kwake. Juzi baba watoto alitoka mwenyewe na kikokotoo chake kuomba punguzo, akimweleza historia ya yale matembele tangu kipando cha kwanza. Alisikilizwa kwa heshima zote, kisha akaambiwa mbolea imepanda bei.