Sifa za Swali la Msawazo wa Kikemia

Miongoni mwa maswali yote yanayoweza kumkabili mtahiniwa wa kidato cha sita wa Kimara, hakuna linalostahili kutukuzwa kama lile la msawazo wa kikemia, yaani hali ambayo mmenyuko wa kwenda mbele na ule wa kurudi nyuma huendelea kwa kasi moja, hata kila dutu ikaonekana imetulia ilhali chomboni hakuna kilichopumzika.

Nasaba yake ni tukufu. Berthollet, aliyefuatana na jeshi la Napoleon hadi Misri mwaka 1798, aliona kandokando ya maziwa magadi yakijiunda kwa chumvi na chokaa, kinyume cha mmenyuko uliozoeleka maabara. Guldberg na Waage wa Norwei wakalitilia hesabu mwaka 1864, na Le Chatelier wa Ufaransa, mwaka 1884, akatoa kanuni kwamba mfumo uliosawazika ukibughudhiwa hujirekebisha ili kupunguza athari ya bughudha hiyo.

Fadhila yake ya kwanza ni ukarimu, kwa kuwa aghalabu humpa mtahiniwa mlinganyo wenye majibu mawili, ingawa moja humtaka asadiki kwamba chomboni mna gesi iliyo pungufu ya hakuna. Ya pili ni uadilifu, kwani halimpendelei aliyekariri: kichocheo, yaani dutu iharakishayo mmenyuko, huharakisha pande zote mbili sawasawa na hivyo hakisogezi kitu, na gesi isiyomenyuka ikiongezwa bila ujazo kubadilika haileti tofauti yoyote. Ya tatu ni malezi, maana huuliza kwa nini viwanda vya amonia hutumia nyuzi 450 hivi za selsiasi, ilhali mmenyuko huo hutoa joto na hivyo ubaridi ndio ungeongeza mavuno. Mtoto akatambua kwamba mavuno mengi yanayochelewa mno hayamfai mwenye kiwanda.

Aliyekesha akipiga msuli na bado haelewi hupewa somo la bure katika kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Kimara, ambako mchana wanaoshuka hulingana na wanaopanda, umati usionekane kupungua wala kuongezeka ijapokuwa nyuso hubadilika daima. Alfajiri, shinikizo linapopanda, somo hukatika, kwani gesi hukimbilia upande wenye molekuli chache, na abiria wa Kimara hana upande huo.

Wapo wanaolilaani swali hili na kuomba lipumzishwe, nao wanastahili kuhurumiwa, kwa sababu hawakuisoma kanuni ya Le Chatelier hadi mwisho: watahiniwa wakizidisha mazoezi hata alama zikaanza kupanda, mtungaji naye hujirekebisha ili kupunguza athari hiyo, na mwaka unaofuata swali hurudi likiwa limeongezwa kipengele (d).