Jinsi ya Kutabiri Kikosi Kabla ya Msimu Bila Kuumbuka

Kaa jikoni. Ni Februari, Chicago imeganda, theluji ya wiki iliyopita imeshakuwa jiwe jeusi kando ya barabara, na chai inapoa kabla hujaimaliza. Chukua daftari la hesabu la mwanao, fungua kurasa za nyuma, na uandike majina 26 ya kikosi. Usione haya. Kule Glendale, Arizona, warushaji na wadakaji wa White Sox, timu yetu ya besiboli, wameshaingia kambini, jua linawaka, na timu haijapoteza mechi hata moja. Utabiri hutengenezwa wakati huu. Ukisubiri Aprili, mechi zenyewe zitaanza kukuingilia kazini.

Weka rekodi mezani, kisha ifunike kwa sahani. Mwaka 2024 timu yetu ilicheza mechi 162, ikashinda 41 na kupoteza 121. New York Mets wa 1962, waliobeba aibu ya vipigo 120 kwa miaka 62, hatimaye wakapata wa kumtwisha. Ndani ya msimu huo tulipigwa mara 21 mfululizo, bila hata sare ya kupumulia, maana besiboli haina sare. Shemeji yangu, mwana Yanga wa Dar es Salaam, aliposikia alipiga simu.

“Shem, 121? Hizo ni mechi au magoli ya kufungwa?”

“Mechi.”

“Na kocha?”

“Wamemtimua Agosti.”

“Agosti! Huku kwetu droo mbili tu, kocha yuko uwanja wa ndege na mabegi.”

Sikumwambia kwamba Pedro Grifol alitimuliwa siku mbili baada ya mkosi huo wa vipigo 21 kukatika. Mambo mengine huwezi kumweleza mtu wa soka ukabaki na heshima yako.

Sasa hesabu. Mwaka 2025 tulishinda 60 na kupoteza 102. Asiyejua kutabiri ataona msimu wa tatu mfululizo wa vipigo zaidi ya mia. Wewe andika: ongezeko la ushindi 19, yaani asilimia 46. Hakuna benki inayolipa hivyo. Tukienda kwa mwendo huohuo, 2026 ni ushindi 88 na 2027 ni 128. Rekodi ya ligi kuu ni 116, na mmoja wa wanaoishikilia ni Cubs, watani wetu wa kaskazini mwa mji, tangu 1906. Pigia 128 mstari mara mbili.

Ukishapata jibu, tafuta kikosi cha kulihalalisha. Hapa ndipo ufundi ulipo, na hapa ndipo wanagenzi wanapoharibu kwa kutazama takwimu za mwaka jana. Takwimu za mwaka jana ni za mwaka jana. Kanuni yetu ni moja: kila mchezaji ana miaka 27, umri ambao wachezaji wengi huwa wamekaribia kilele. Mkongwe wa miaka 34 mwandikie alichofanya alipokuwa na 27, kwa sababu “uwezo upo, hauendi popote.” Kijana wa miaka 21 mwandikie atakachofanya akifika 27, kwa sababu “ana kipaji cha ajabu.” Ukimaliza utakuwa na wanaume 26 wa rika moja, wote kileleni siku moja. Timu ya namna hiyo haijawahi kutokea duniani, na ndiyo maana wapinzani hawataitarajia.

Soma habari za kambini kwa moyo mweupe. Aliyepungua kilo saba amepata wepesi. Aliyeongezeka kilo saba amepata nguvu. Asiyepungua wala kuongezeka amepata utulivu. Sijawahi kusoma Februari habari ya mchezaji aliyenenepa kwa sababu ya kula.

Kwenye warushaji uwe mwangalifu. Wanaoanza mechi ni watano, wanapokezana, kila mmoja zamu yake ikifika takriban kila siku ya tano. Waandike watano kwa wino, na usiache nafasi ya wa sita. Ukiacha nafasi utaanza kufikiria viwiko, na kiwiko ni neno lisilotajwa kabla ya Machi. Tangu Dk. Frank Jobe alipomfanyia Tommy John upasuaji mwaka 1974, mrushaji anayechanika ndani ya kiwiko anaweza kupachikwa kano iliyotolewa sehemu nyingine ya mwili, akakaa nje mwaka mzima au zaidi, kisha akarudi kurusha. Ni maajabu ya tiba. Ni pia sababu ya ule ukurasa wa wino kuwa kichekesho ifikapo Juni.

Nyota akiuzwa, usiseme ameuzwa. Sema tumevuna. Desemba 2024 tulimpeleka Garrett Crochet Boston, tukapewa vijana wanne. Msimu uliofuata Crochet aliwatoa wapigaji 255 kwa straikauti, idadi ambayo hakuna mrushaji mwingine aliyeifikia mwaka huo. Habari hiyo nayo ifunike kwa sahani (tafuta sahani kubwa). Wewe mtaje Kyle Teel, mdakaji kijana tuliyempata kwenye biashara ile, na umtaje kwa sauti.

Pesa zisikutie unyonge. Mets walimpa mpigaji Juan Soto dola milioni 765. Sisi mkataba mnono kuliko yote katika historia yetu ni wa Andrew Benintendi, dola milioni 75. Andika kwamba uongozi “haukukurupuka sokoni.”

Kisha lazima utaje 2005. Tuliwafagia Houston Astros mechi 4–0 kwenye fainali, taji la kwanza tangu 1917. Kwenye mechi ya kwanza ya fainali ile alikuwepo jukwaani padri mmoja mzaliwa wa Chicago, Robert Prevost, ambaye sasa ni Papa Leo XIV. Hoja zikikuishia, mtaje. Msikilizaji mjuzi anaweza kukukumbusha kwamba Papa hakosei anapotangaza rasmi fundisho la imani au maadili, na kwamba warushaji hawamo. Badilisha mada.

Nina kasoro moja ya kuungama kwenye mbinu hii. Mwaka jana jina la mpigaji Colson Montgomery niliandika juu kabisa, kwa penseli na nyota mbili. Aprili akarudishwa Arizona akafundishwe upya kuzungusha gongo. Nikafuta. Nilifuta kwa hasira, ufutio ukatoboa karatasi, pakabaki tundu la ukubwa wa kidole gumba. Julai wakampandisha, akapiga homurani 21 katika mechi 71. Na mrushaji Shane Smith sikuwahi hata kumwandika. Huyo tulimwokota Desemba 2024 katika ule mgawo ambapo timu huchukua wachezaji ambao wenzao hawakuwawekea ulinzi, kwa dola 100,000. Ilipofika Julai yumo kwenye mechi ya nyota wa ligi. Kwa hiyo kilichoniletea furaha mwaka mzima kilitoka kwenye tundu na kwenye nafasi ambayo sikuiacha.

Je, uache kutabiri? Hata kidogo. Mwaka huu nimeandika majina yote 26 kwa wino, nikatoboa matundu mawili mapema, moja upande wa wapigaji na jingine upande wa warushaji. Shemeji anasema huo sasa ni uganga. Nilimuuliza Yanga wanasajili vipi, akasema mtandao unakatakata.

Jambo la mwisho ni la kiutawala: hakikisha kurasa zako zimechanwa kabla mtoto hajafunga mkoba. Mimi nilisahau. Daftari lilikwenda shuleni likarudi, na pembeni ya ile 128, yenye mistari yake miwili, mwalimu alikuwa ameweka alama ya kuuliza kwa wino mwekundu na kuandika: onyesha njia.