Fundi wa Matundu
Hongera, jirani wa Mutanga Nord, kwa kununua kamera ya Agfa Isolette ya miaka ya 1950! Mkunjo wake umetoboka pembeni, grisi ya lenzi imegeuka gundi ya kijani, nawe unajifungia gizani na tochi, ukiziba tundu moja moja kwa rangi nyeusi. Filamu ya 120 itakupa picha 12 tu. Siku ya kupigwa picha, mashangazi walivaa vazi la imvutano, wakasimama wima, wakauliza wataziona lini. Ukawajibu: subira huvuta heri. Mpwa wako mwenye simu alikuwa ameshazituma zake hadi Bruxelles. Hatukucheki, jirani. Shemeji anauliza tu: mkono hodari hivyo wa kuziba matundu utafika lini kwenye bati la jikoni?