Sifa za Mheshimiwa scp

Wapo wanaosifiwa kwa hotuba na shada la maua kila mwaka, na wapo wanaofanya kazi usiku na mchana bila hata ahsante. Leo tumpe haki yake mmoja wa kundi la pili: scp, kijiprogramu cha kwenye dirisha jeusi la amri, kinachonakili mafaili kutoka kompyuta yako hadi kwenye seva iliyo mbali. Mafundi humlaani kila wiki. Mimi nasema wanamwonea. Zama hizi kila programu inakudekeza, inakuuliza kama una uhakika, inakukumbusha, inakubembeleza. Scp anakuchukulia kuwa mtu mzima: ulichoandika ndicho ulichotaka, basi.

Tuanze na nasaba, maana mtu wa heshima huulizwa kwao. Babu yake ni rcp, mzaliwa wa Berkeley, California, katika Unix ya miaka ya 1980. Mzee mwema aliyeamini kila mtu na kupitisha mafaili waziwazi, mwenye kuchungulia achungulie. Mwaka 1995 mdukuzi alianza kunasa nywila zikipita kwenye mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Finland. Mtafiti wa hapo, Tatu Ylönen, akatunga SSH, njia ya kuwasiliana kwa siri. Julai ya mwaka huo akawaandikia barua pepe wagawaji wa namba za poti za intaneti, akiomba 22, iliyokuwa wazi katikati ya 21 ya FTP na 23 ya Telnet. Akapewa kesho yake. Waliowahi kufuatilia hati ya kiwanja watakubali kwamba ukoo ulioanza hivyo una baraka zake. Humo ndimo alimozaliwa scp: tabia za babu, ila mlango umetiwa kufuli.

Sasa tabia. Unaandika scp ripoti.pdf asha@seva: kisha unabonyeza Enter. Anakuomba nywila, na unapoichapa hakionekani kitu, hata vinyota. Mgeni hudhani kibodi imekufa. Imezima wapi! Mheshimiwa anakusikiliza tu, na msikivu wa kweli haitikii itikii.

Ile nukta pacha ya mwisho ndiyo kipimo cha utu uzima. Ukiisahau, scp hakuulizi kama umechoka. Anaona hujataja seva yoyote, basi anatengeneza nakala papo hapo kwenye kompyuta yako mwenyewe, anaipa jina asha@seva, halafu ananyamaza. Hakuna kosa lililotajwa, hakuna onyo. Unafunga ofisi ukijua ripoti imefika. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe huja kesho asubuhi kwa simu ya bosi.

Tuseme nukta pacha umeiweka, ukaongeza neno picha ukiamini kule kuna folda ya jina hilo. Kama haipo, hakusumbui kwa habari mbaya. Faili lako linafika salama na kuitwa picha. Ukituma la pili kwa amri ileile, linakaa juu ya la kwanza. La tatu linakaa juu ya la pili. Mwisho wa siku umetuma mafaili yote na umebakiwa na moja. Programu za madirisha, zile za kuburuta kwa kipanya, zingekuuliza: la zamani lifutwe? Swali gani hilo kumuuliza mtu mwenye familia?

Mheshimiwa pia hasahau mila. Kwa ndugu yake ssh, namba ya poti hutajwa kwa p ndogo. Kwa scp ni P kubwa, kwa sababu p ndogo ni urithi wa babu, ya kuhifadhi tarehe za faili. Vijana hukosea kila mara na kulalamika. Urithi hauuzwi kwa sababu vijana wanalalamika.

Wapinzani wake humtajia rsync, kazi ya Andrew Tridgell na Paul Mackerras ya mwaka 1996. Kweli, rsync hutuma sehemu zilizobadilika tu, na akiamriwa vizuri huendelea pale mtandao ulipokatikia. Huo ni uchoyo. Scp ni mkarimu: mtandao ukikatika faili likiwa asilimia 98, analituma upya kuanzia sifuri, kwa bando lako. Mei 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika chini ya bahari na intaneti ya Tanzania na Kenya ikaanza kusuasua, mtumaji wa gigabaiti kadhaa alikuwa na nafasi pana ya kujifunza subira. Neno stalled likitokea pale palipokuwa na muda uliobaki, hakuna la kufanya ila kwenda kunywa chai.

Hata nyumbani kwake hakupendwa. Mwaka 2019 watunzaji wa OpenSSH, kifurushi anamoishi scp, wenyewe walitangaza kwamba itifaki ya scp imepitwa na wakati na hairekebishiki kwa urahisi, wakashauri watu wahamie kwingine. Watu hawakuhama. Mwaka 2022, katika toleo la 9.0, wakambadilisha matumbo: ndani sasa inafanya kazi SFTP, itifaki nyingine ya kuhamisha mafaili kupitia SSH, nje jina ni lilelile na amri ni ileile. Ni wangapi wamehukumiwa hadharani na wazazi wao wakabaki na kazi, jina na wateja?

Basi, msomaji, usimtukane scp. Kosa ulilolikuta kwenye seva uliliandika kwa mkono wako, naye alilibeba kwa uaminifu. Kabla ya Enter, soma mstari tangu mwanzo, hakikisha nukta pacha ipo na folda ya kule unaijua. Na kabla ya kutuma faili jipya, weka nakala ya lile la zamani mahali ambapo Mheshimiwa hafiki.