Petroli ya Elfu Kumi, Maji Chupa Sita

Kila asubuhi, saa kumi na moja na nusu, kuna mwanamke wa Kijapani hunidai kadi. Nikizungusha ufunguo tu, kabla injini haijaamua kama leo itaamka au haitaamka, sauti yake nyororo hutokea chini ya dashibodi, husema maneno yake kwa adabu, halafu kimya. Nilikaa naye miaka miwili nikidhani ananitakia safari njema. Nilikuwa hata namjibu. Jirani yangu aliyewahi kusoma Osaka ndiye aliyeniharibia: "Anasema hujachomeka kadi." Kumbe ni kidude cha kulipia tozo za barabara kuu za huko kwao, kilichosahaulika humo gari lilipopakiwa melini. Dar es Salaam pa kulipia kuvuka ninapopajua ni Daraja la Nyerere, Kigamboni, na huko, cha ajabu, hasemi kitu.

Gari lenyewe ni Vitz ya mwaka 2001, namba B. Mjini hapa watu tunapimana kwa herufi ya kibao. Wa E hampishi wa D, wa D hampishi wa C, na sisi wa B tunaomba njia kwa mkono nje ya dirisha, tena kwa tabasamu, maana indiketa ya kulia ilishakata tamaa. Vijana wa mtaani huliita bebiwoka. Wanalionea. Gari hili lina ukoo: umbo lake lilichorwa na Mgiriki, Sotiris Kovos, jina lake Toyota walilitohoa kutoka neno la Kijerumani linalogusa werevu na utani, na ndugu yake aliyepelekwa Ulaya, Yaris, alitawazwa huko kuwa Gari la Mwaka 2000. Injini ni cc 997. Yaani imepelea lita moja kwa kama nusu kijiko cha chai, na nikipandisha vilima vya Pugu nina abiria wanne, nusu kijiko kile nakihisi. Habari ya utani niliielewa baadaye.

Nililinunua ili nisimtegemee mtu. Nilikuwa nimechoka kugombania daladala ya kwenda mjini, siku nyingine kwa kuingilia dirishani, shati jeupe limevaliwa, tai iko shingoni. Sasa kitasa cha ndani cha mlango wangu kimekatika. Nikifika kazini nashusha kioo, natoa mkono wote hadi kwapani, napapasa kitasa cha nje, najifungulia mwenyewe kama mwizi. Mlinzi wa pale ofisini, kijana mwenye huruma, siku hizi akiniona nakuja anatangulia kunifungulia. Wageni hudhani mimi ni mkurugenzi.

Kuna jambo la Vitz hizi za mwanzo ambalo asiyeziendesha halijui. Mita yake ya spidi haipo mbele ya dereva. Ipo katikati, na ni ya tarakimu kubwa za kijani, kwa hiyo aliyekaa kushoto naye anaisoma. Sijui Mgiriki yule alikuwa na mama mkwe.

Wangu nilikwenda kumpokea stendi ya Magufuli, Mbezi, akitokea Morogoro. Alikuja na kiroba cha mchele, ndoo ya ndizi na jogoo, na vyote vile vilipokwisha kupangwa kiti cha nyuma, ikabaki nafasi moja tu ya kukaa mkwe: mbele, bega kwa bega nami, kila mmoja ameangalia dirisha lake kwa heshima. Nikazungusha ufunguo. Mjapani akasema yake.

"Marahaba, mwanangu," mama akaitikia.

Tukatembea. Maeneo ya Kimara akaona si vizuri kukaa na mtu garini bila kumjulia hali. "Mkwe, huyo binti yuko wapi?"

"Ni mashine tu, mama. Inadai kadi."

Alifikiri kidogo. "Kadi ya mchango? Mwambie mimi nilishachanga kwa mwenyekiti."

Baada ya hapo akazigundua zile tarakimu. "Arobaini na mbili," akasema. Kisha, "Hamsini na moja, mkwe." Kisha, kwa sauti ya mtu anayepiga mnada, "Hamsini na tisa! Mkwe! Sitini hiyo!" Nikapunguza. Lori la mchanga likatupita likipiga honi, bajaji nayo ikatupita, na mwendesha baiskeli mmoja wa mkaa tukawa naye sambamba kitambo kirefu hata tukasalimiana. Halafu, tukikaribia Ubungo, jua likiwa limekolea, tarakimu zikafifia, zikazimika. Ni ugonjwa wake; joto likizidi hulala hadi jioni. Mama akagonga kioo kwa kucha. "Imekufa," akasema, akafunga macho, akaanza kusali. Sala ile ilitufikisha hadi Tabata.

Kuendesha bila kujua spidi si kugumu kama watu wanavyodhani. Kioo cha nyuma kikianza kutetemeka, hiyo ni hamsini. Mlango wa buti ukijibu, ni sabini, na sijaona sababu ya kutafuta tarakimu inayofuata. Siku moja trafiki alinisimamisha akanionyesha tochi yake: arobaini na nane. Nilimshukuru kwa dhati, nikamwambia nimefurahi sana kujua. Alinitazama, akalitazama gari, akaniruhusu bila kuuliza hata leseni. Nadhani aliogopa nisije nikalizima pale kwake likagoma kuwaka.

Hofu ya haki. Ukilinunulia spea bebiwoka hili utakonda. Mafuta halili, hilo nakiri: natia ya elfu kumi, kwa kujiamini, kama mtu aliyejaza tangi, na Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakitangaza bei mpya mimi hutetemeka kidogo kuliko wenye magari makubwa. Lakini maji! Mwaka jana lilianza kuchemsha. Asubuhi halichemshi. Jioni, kwenye foleni ya taa za Buguruni, katikati ya malori ya bandarini, linaanza kutoa moshi mweupe chini ya boneti kama sufuria ya ubwabwa.

Mara ya kwanza lilizimika kabisa. Sijakaa sawa, vijana sita wameshalizunguka. Hakuna aliyewaita. "Mzee, weka namba mbili, achia klachi tusukume!"

"Hili ni la auto," nikasema. "Halina klachi."

Walishauriana. "Basi achia breki," wakasema, wakasukuma. Gari la auto halistuliwi kwa kusukumwa, hata mkilifikisha Pugu, lakini nitamwelezaje mtu ambaye ameshavua ndala? Walilisukuma kwa moyo mmoja hadi kando ya barabara, wakanyoosha mgongo, wakadai hela ya soda, kila mmoja na soda yake. Akaja muuza maji wa pale kwenye taa, kijana mwembamba mwenye kofia ya Simba. Nikamwomba chupa za baridi, niwahi kulipoza. Akakataa kuniuzia.

"Baridi itapasua injini, mzee. Subiri lipoe kwanza. Halafu chukua hizi zilizokaa juani."

"Bei gani?"

"Ileile."

Zikaingia chupa sita. Kuanzia jioni ile tukawa tunajuana. Akiona moshi wangu unatokea upande wa Karume, anaziandaa.

Fundi wangu ni mtu wa hekima, na kila hekima ina bei yake. Kwanza alitoa thamostati akaitupa. Nchi ya joto, alisema, thamostati ya nini. Likachemsha. Akabadili rejeta, tukaifuata Gerezani, mtumba safi kutoka Japani, na mimi ndiye niliyeipakata kwenye bodaboda. Likachemsha. Akabadili pampu ya maji. Likachemsha kwa utulivu zaidi. Wiki iliyofuata akavua kofia, akafuta jasho, akasema kwa sauti ya daktari anayeita ndugu wa mgonjwa pembeni kwamba huenda tukalazimika kufungua silinda hedi. Nikaliacha gereji, nikarudi kwenye daladala.

Siku ya tatu nilikuwa nimebanwa mlangoni, kwapa la mtu liko machoni mwangu, tukasimama kwenye taa za Buguruni. Kofia ya Simba ikanipita na ndoo ya maji, ikarudi nyuma hatua mbili.

"Mzee! Bebiwoka liko wapi?"

"Gereji. Wanataka kufungua injini."

"Injini?" Aliweka ndoo chini. "Gari lako si likitembea halina neno? Mimi nalionaga. Linakuja vizuri tu toka Karume, likisimama hapa dakika tano ndipo linachemka. Mwambie fundi aangalie feni."

Abiria watatu ambao sijawahi kuwaona maishani mwangu wakatikisa kichwa. "Feni hiyo," mmoja akasema. Konda naye akageuka, noti zimekunjwa katikati ya vidole, akasema la kwake ni feni vilevile.

Nilimpigia fundi nikiwa palepale mlangoni. Alikaa kimya kitambo, nikasikia anafungua boneti.

Ilikuwa feni.